Sidii Zilizoparwa Magamba

Miaka ile baada ya ruksa ya biashara, Mwanza ilipopokea kila kitu kilichotengenezwa duniani na vingine ambavyo havikustahili kutengenezwa, mjini alikuwapo bwana mmoja aitwaye Nkwabi. Alikuwa na suti moja ya kitambaa kinachong'aa, na jua likiwa kali watu wa Nyamagana walimtazama kwa jicho moja, jingine wamelifumba. Ofisi hakuwa nayo. Alishinda mgahawani na kikombe kimoja cha chai, akiikodolea macho fremu tupu ya duka iliyokuwa ng'ambo ya barabara, mali ya Mzee Malimi, muuza mabati. Fremu ile aliipenda kuliko alivyopata kumpenda mwanamke yeyote. Hata rangi ya mlango alikwisha kuichagua.

Siku moja akamsikia mzee mwenyewe, meza ya pili, akimnong'oneza fundi redio:

"Hebu niambie, sidii inauawaje?"

Fundi akacheka. Nkwabi hakucheka. Nkwabi alihama meza na kikombe chake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sijakuita."

"Wewe hukuniita, mzee. Shida yako ndiyo imeniita."

Sasa Mzee Malimi hakuwa mtu wa mchezo. Alikuwa mzee wa kanisa, mwezi ule anagombea uenyekiti wa wazee wote, na hakuna aliyezilaani ngoma za nyoka kwa sauti kubwa kama yake. Lakini kwenye harusi ya binamu yake kule Magu alipewa togwa ambayo, kumbe, haikuwa togwa. Ilipofika jioni mzee alikuwa katikati ya uwanja, chatu shingoni, anacheza ngoma na kuwatangazia wageni kwamba chatu huyo ni shemeji yake. Mpiga video hakupoteza hata tone. Akatoa sidii tatu, na Malimi akazinunua zote pamoja na mkanda.

"Mkanda niliuchoma," alisema. "Na hizi nitazichoma."

"Thubutu! Moshi wake sumu, mzee. Utakohoa mpaka mahubiri yakutoke."

"Basi nitazivunja."

"Kwa mikono? Vipande vinaruka kama wembe. Umepata kuona mwenyekiti chongo?"

Malimi akayapapasa macho yake, yote mawili. "Wewe unaziuaje?"

"Kitaalamu," akajibu Nkwabi, na neno hilo, kama mnavyojua, limekwisha kuwafilisi watu wengi kuliko ukame.

Utaalamu wenyewe ulifanyika sebuleni kwa mzee, mapazia yamefungwa. Nkwabi alivaa glavu, akatoa msumari, akauchora kwa madaha ule upande wa sidii unaometa, huku akinong'ona kama anayesoma ibada ya maziko. Malimi alipoona mikwaruzo akashusha pumzi.

"Mabaki naondoka nayo," Nkwabi akasema. "Maiti haizikwi ndani ya nyumba ya aliyefiwa."

Hapo ndipo palipolala ujanja. Nkwabi alijua jambo ambalo Mwanza nzima ilikuwa haijalijua: siri ya sidii haikai kwenye uso ule unaometa. Inakaa mgongoni, upande wa maandishi, chini ya rangi nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Usoni ni plastiki tu. Ukiikwaruza kidogo, dawa ya meno na kitambaa laini vinairudisha.

Kwa hiyo alirudi Igogo alikopanga, akazisugua, akaenda kuzijaribu kwenye kibanda cha video cha Ooko. Chatu akatokea. Mzee akatokea. Nkwabi akacheka mpaka akashika ukuta.

Chumbani kwake mlango haukuwa na kitasa, kwa hiyo sidii alimpelekea mama mwenye nyumba, Mama Awuor, aliyekuwa akianika dagaa ufukoni na kugombana na yangeyange, ndege wale weupe, tangu macheo.

"Mama, niwekee hivi. Ni vioo vya kufukuzia ndege. Natafuta soko."

"Vioo?" Mama Awuor akazigeuzageuza. "Na huku nyuma mbona kuna maandishi? Ndege wa huku wanajua kusoma?"

"Wa Ulaya wanajua."

"Aa. Haya, baba. Vitakaa salama."

Siku ya pili yake Nkwabi akaibuka dukani kwa Malimi, suti imepigwa pasi.

"Mzee, marehemu wamefufuka."

Malimi alikaa juu ya mabati. "Unataka nini, ng'wanawane, mwanangu?"

"Ufunguo wa fremu tu. Bure, miaka kumi. La sivyo Jumamosi kibanda cha Ooko kitaonyesha picha mpya, na kwaya nzima nitaiingiza bila kiingilio."

"Utanimaliza! Uchaguzi ni Jumapili!"

"Ndiyo maana nikachagua Jumamosi."

Mzee akahesabu siku kwa vidole. "Nipe mpaka kesho mchana. Zilete hapa hapa, tubadilishane."

Usiku ule Nkwabi alilala na tabasamu, na kesho yake kabla ya saa sita akateremka ufukoni kuchukua mtaji wake.

Aliona kamba kwanza. Imevutwa juu ya dagaa, na kwenye kamba vinaning'inia viduara vitatu vikizunguka kwa upepo. Havimeti. Ukivitazama unaona ziwa upande wa pili, unaona mawe, unaona hata yangeyange aliyetua pembeni akimeza dagaa bila wasiwasi wowote.

"Mama!" Nkwabi akakimbilia kamba. "Umevifanya nini?"

Mama Awuor alikuwa ameketi juu ya ndoo, kisu cha kuparia mapajani.

"Si ulisema vioo? Nikaona upande mmoja una uchafu wa rangi. Nikasema ndege wakitokea huku, je? Nikachukua mchanga na majivu, nikasugua kama sufuria. Palipogoma nikapara kwa kisu, kama sangara. Yakatoka magamba, nyathina, mwanangu, membamba, yanang'aa! Nikayafagia, nikayafukia."

"Mgongoni? Umepara mgongoni?"

"Samaki unampara wapi? Kwenye magamba."

Nkwabi alikaa mchangani na suti yake. Alichofanyiwa hakuna mtaalamu angekifanya vizuri zaidi: hakuna moshi, hakuna jicho lililotoboka, na chatu amekufa kabisa, pamoja na shemeji yake. Kazi aliyoahidi kwa uongo ilikuwa imetimizwa kwa ukweli. Tapeli hana msiba mkubwa kuliko huo.

Kisha akakumbuka kwamba Malimi hajui. Akachomoa sidii kwenye kamba. Atazifunga kwenye gazeti, atashika ufunguo kwanza, na kabla gazeti halijafunguliwa...

"Kama unaenda kwa Mzee Malimi," Mama Awuor akasema, "usijichoshe. Alikuwa hapa jana jioni. Pale pale ulipokaa."

"Nani alimleta?"

"Mimi nilimfuata dukani. Kibanda cha video ni cha mwanangu Ooko, umesahau? Ulicheka kule ukutani mpaka akaja kuniuliza kama mpangaji wangu ana kifafa. Akanieleza mlichokiona. Nikamwambia mzee, hivyo vitu viko kwangu, njoo utazame mwenyewe nikipara. Alihesabu mpaka ya tatu, akalia. Halafu akasali."

Akafungua pindo la kanga, na ndani ya fundo mlikuwa na ufunguo mpya wa shaba.

"Nitauzia dagaa kwenye fremu yake. Mlango nitaupaka bluu."

Bluu! Nkwabi alikuwa amechagua bluu ile ile.

"Mama, lakini wewe ulijua si vioo!"

"Na wewe ulijua si vioo. Mbona hatukugombana?"

Yangeyange wengine wakateremka, na nyuma yao korongo mwenye kipara, anatembea kama ofisa wa ushuru. Nkwabi, kwa hasira tupu, akainuka akamrushia mikono. Jua likaipiga suti. Ufuko mzima ukawaka, na ndege wote wakaruka kwa kelele mpaka ng'ambo ya mawe.

Mama Awuor alifunika macho kwa kiganja, akaitazama suti ile kuanzia kola mpaka ugoko, kama anayepima sangara.

"Kodi ya chumba chako mwezi huu," akasema polepole, "usiwe na shaka nayo. Simama pale kwenye kona. Na ukichoka, baba, geuka nyuma, nako kunang'aa."