Suruali ya Baba Juu ya Sare ya Bendi

Leo sina uso. Kama kuna mtu ameuokota Mtaa wa Msimbazi, anirudishie kimya kimya.

Nawasimulia ninyi wenzangu wa shule mliobaki Moshi kwa sababu mko mbali, hamwezi kunitazama. Halafu habari itawafikia tu. Nusu ya Kariakoo ilikuwapo!

Mnakumbuka niliwaambia nina bendi? Mawimbi Matatu. Mimi gitaa, Jayesh besi, Mrisho ngoma. Tunapiga ule muziki wa vijana wa ng'ambo wanaosimama juu ya ubao na kuteleza baharini. Hauna maneno mengi. Gitaa ndilo linalosema, tena linatetemeka kama mtu aliyetoka majini sasa hivi. Tulijifunza kwenye santuri moja tu, ambayo mjomba wake Mrisho, kuli wa bandarini, alipewa na baharia. (Katika Mawimbi Matatu hakuna hata mmoja anayejua kuogelea. Mimi wa mlimani mnanijua. Mrisho amezaliwa hapa hapa mjini, lakini Feri huenda kununua samaki tu. Jayesh, mama yake alimkataza maji yanayozidi ndoo.)

Vyombo ni akili ya Jayesh. Mjomba wake anatengeneza redio kule Kisutu, na Jayesh kwa mabaki ya pale akaunda spika moja kubwa ya mbao. Ndani akafunga springi ya kitanda ili sauti iwe na majimaji. Na inakubali! Ina kasoro moja tu: ukilitikisa lile sanduku, linanguruma kama radi.

Mavazi yalikuwa akili yangu. Nilitaka sare. Nilitaka suruali za kubana kama za wale vijana kwenye jalada la santuri. Dukani kwa baba yake Jayesh kitambaa tulichopewa kilikuwa kile cha mistari cha kushonea magodoro. Basi springi ya kitanda tunayo, godoro tumevaa, kilichobaki ni mto.

Siku fundi anatupima, Mrisho aliniuliza, "Mani, suruali za kubana wakati huu? Wewe redio unasikiliza kweli?"

Nilikuwa nasikiliza. Kampeni ya kupiga vita nguo za kubana imepamba moto huku. Vijana wa chama wanasimama njiani na chupa ya soda, wanakutumbukizia kiunoni, ndani ya suruali. Ikitokea chini mguuni, nenda zako. Ikikwama, mkasi.

"Mwanamuziki haogopi chupa," nikamjibu. (Ni mimi niliyesema. Kwa mdomo huu huu.)

Sasa, leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mzee Kondo, mwenye ukumbi kule Ilala, alikubali kutusikiliza. Akitupenda, tunapiga dansi la mchana Jumapili. Asipotupenda, bendi imekufa, maana Mrisho anaitwa Tanga na kaka yake kwenye mkonge, na Jayesh anapelekwa Mwanza kukaa dukani kwa baba yake mdogo. Wote wawili waliomba kwao wasubiriwe mpaka leo. Jana tuliweka mikono juu ya ile spika tukaapa kwamba liwalo na liwe, hakuna kuachana. Nani alitunga kiapo? Mimi tena.

Asubuhi nikavaa sare yangu. Nikajitazama. Nikaikumbuka chupa. Nikaenda nikachukua suruali kuukuu ya baba, ile anayovaa akipanga magunia ya maharage dukani, pana kama hema, nikaivaa juu ya sare na kuikaza kwa kamba ya katani.

"Ya nini hiyo?" Jayesh akauliza tulipokutana.

"Sare isichafuke."

Akaniangalia kidogo, halafu akanitwisha spika kichwani.

Tukaondoka. Mimi mbele na spika, wao nyuma. Jayesh kabeba magitaa mawili, Mrisho kabeba ngoma, miguu yao imebanwa na mistari ya godoro, wanatembea kama korongo. Tumefika Msimbazi, watu wamejaa, matenga ya kuku huku, vitunguu kule, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Nyinyi wawili! Hebu simameni hapo!"

Nilijua kabla sijageuka. Kijana mmoja mrefu, chupa mkononi, na wenzake wamemzunguka. Chupa ikaanza kwa Mrisho. Ikakwama pajani. Kwa Jayesh haikuingia hata shingo. Watu wakaanza kusogea, wengine wameacha wateja wao. Mama mmoja akasema jamani hayo si ni magodoro? Kicheko!

Kisha yule mrefu akanigeukia. "Na wewe mwenye sanduku. Uko pamoja na hawa?"

Hapa ndipo ningependa hadithi imhusu mtu mwingine.

"Mimi? Hapana, ndugu. Mimi hamali tu, wamenikodi. Hata majina yao siyajui."

Kwenye matenga ya kuku jogoo akawika. (Sitanii. Mimi ni mtoto wa kanisani, ya yule mtume aliyemkana Bwana wake naijua, nikajua jogoo ananisema mimi.)

Nilidhani yameishia hapo. Kumbe nimewachongea! Yule kijana akawawakia wenzangu. "Mnaona? Watu wanajenga nchi kwa jasho, nyinyi mmemtwisha ndugu huyu kabati zima huku mnatembea na vigitaa. Huu ndio unyonyaji tunaousema kila siku! Nani amewafundisha?"

Mrisho alikuwa ameduwaa, kinywa wazi. Jayesh alikuwa na neno. Nililiona likija. Angelisema tu, "Huyu ni mwenzetu, mvueni hiyo suruali ya juu," ningekwisha. Akafunga mdomo.

"Samahani, ndugu," akasema. Alikuwa anamwambia yule kijana, lakini alinitazama mimi.

Mkasi ukapita. Mguu wa kwanza mpaka gotini, wa pili mpaka gotini, na Mrisho vivyo hivyo. Halafu wakanitua spika, wakawatwisha wao wenyewe, waendako wajibebee. Jayesh na Mrisho wakaenda, vitambaa vinapepea miguuni kama bendera za sikukuu. Hakuna aliyegeuka nyuma. Mimi nikaambiwa, "Ndugu, uko huru." Nikasema ahsante. Nikasema ahsante!

Nia yangu ilikuwa nizunguke uchochoroni niwakimbilie. Nitawaambia nini, sikujua.

"Wee hamali!"

Nikajifanya sisikii.

"Wewe, mwenye suruali kubwa!"

Mama mwingine, mnene, kanga mbili, mbele yake gunia la mkaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nibebee hili, hapo mbele tu."

"Mama, mimi si..." Nikatupa jicho. Yule kijana wa chupa bado yuko pale, ananitazama kwa upendo kabisa. "Msaidie mama, ndugu," akaniambia.

Basi nikatwishwa.

Jamani, "hapo mbele tu" ya yule mama! Alisimama kwa muuza nazi. Alisimama kuulizia mgonjwa. Alisimama kugombana na mtu kuhusu bata. Mimi nyuma, mkaa unanimwagikia shingoni, jasho linautengeneza kuwa uji. Tukapita mbele ya duka la baba. Baba yuko mlangoni. Uso wangu hakuuona, gunia limeufunika, lakini suruali aliitazama mpaka tukakata kona.

Na kichwani mwangu, chini ya gunia, naona tu macho ya Jayesh. Tumefahamiana tangu siku niliyoingia mjini hapa sijui hata kuvuka barabara. Yeye ndiye aliyenivusha.

Tukaingia Ilala. Mama akasimama mbele ya mlango wa bluu. Mlango ule niliujua.

"Mama, hapa kwa nani?"

"Kwa mume wangu, Mzee Kondo. Pita ndani, jiko liko nyuma ya jukwaa. Na ujihadhari na nyaya, kuna vitoto vimekuja kupiga magitaa."

Nikamwomba nipitie uani. Akasema uani kuna mbwa. Nikasema mbwa si kitu. Akanisukuma.

Ndani ukumbi ulikuwa kimya. Mzee Kondo amekaa kwenye kiti katikati, mikono kifuani. Jukwaani Mrisho yuko kwenye ngoma zake, Jayesh kashika besi, suruali zimechanika, magoti nje. Gitaa langu limeegemezwa kwenye kiti kitupu.

"Nimengoja vya kutosha," Mzee Kondo akasema. "Huyo mpiga gitaa wenu yuko wapi?"

"Yuko njiani, mzee," Mrisho akajibu. "Atakuja tu."

Bado walikuwa wanasema nitakuja! Niliona haya ambayo sijawahi kuyaona tangu nizaliwe. Nilitamani gunia linimeze.

Nikapanda jukwaani kwa sababu njia ya jikoni ndiyo hiyo. Nikawa natembea pole pole, uso nimeuinamisha. Hatua ya mwisho nikakanyaga waya. Gunia likateleza, puu, juu ya mbao, pembeni kabisa mwa spika.

Springi ya kitanda ikaamka. Radi! Ukumbi mzima ulinguruma, Mzee Kondo akaruka kwenye kiti, mama akapiga kelele, vumbi la mkaa likapanda mpaka darini. Na katika kule kuruka kwangu, kamba ya katani ikakatika.

Suruali ya baba haikuanguka haraka. Ilishuka kwa heshima zake, ikakaa miguuni.

Vumbi lilipotulia, nilikuwa nimesimama mbele ya watu wote, mweusi tii, ndani ya mistari ya godoro. Mistari ile ile ya wenzangu. Ila yao imechanwa, yangu nzima, mpya, inang'aa.

Mama akaangalia miguu yangu, akaangalia ya Mrisho, akaangalia ya Jayesh.

"Ehee! Kumbe ni wamoja! Si ulisema sokoni huwajui hata majina?"

Mzee Kondo akaketi tena taratibu. "Amesema hivyo?"

"Nimesikia kwa masikio yangu. Wenzie wanachanwa nguo, yeye anasema hamali."

"Mimi nimepiga dansi tangu sijaoa," Mzee Kondo akasema, hata hakuinua sauti. "Gitaa bovu tunaweza kulitengeneza. Mtu wa namna hiyo sijui anatengenezwa wapi." Akawatazama wale wawili. "Mnamjua huyu?"

Wangeweza kusema hapana. Mimi ningesema hapana. (Nilishasema, tena bila kuombwa mara mbili.)

"Ni mwenzetu, mzee," Mrisho akasema. "Aliogopa tu. Hata sisi tuliogopa."

Jayesh aliweka besi chini. Aliinua gitaa langu, akalifuta mkaa kwa mkono wa shati, akalirudisha pale pale kitini.

 Nikamgeukia mama nikamwomba kisu cha jikoni. Akanipa huku anarudi nyuma. Nikachana mguu wa kwanza mpaka gotini, sawasawa na wao. Mguu wa pili nikavuta kwa nguvu mno, na kitambaa cha godoro kikishaanza kuchanika hakisikii la mtu. Kilikwenda mpaka kiunoni. Mama akageuka akatazama ukuta.

Mrisho akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Akapiga vijiti kutuanzishia.

Sitawadanganya kwamba tulipiga vizuri. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa gunia, mwanzo niliukosea, na Mrisho akanianzishia tena. Ila katikati springi ikakolea, besi ya Jayesh ikaja chini yangu kama siku zote, na nikaona mguu wa Mzee Kondo unagonga sakafu.

Tulipomaliza, Mzee Kondo akainuka kitini.

"Jumapili, si kesho, ile ijayo," akasema. "Suruali msishone. Zikiwa hivyo, chupa itapita." Akanigeukia. "Na wewe hamali, mkaa wa mama bado haujafika jikoni."

Nikaupeleka.

Wakati wa kurudi hakuna aliyeniambia nibebe, lakini nilibeba. Spika kichwani, magitaa begani, ngoma mkononi, suruali ya baba nimejifunga kiunoni kufunika pale kisu kilipopitiliza. Wao mbele, mikono mitupu, ila Mrisho na vijiti vyake. Tukatokea tena Msimbazi, na yule kijana mrefu yuko pale pale na chupa yake. Akaona mzigo wangu. Akapandwa na hasira.

"Ndugu! Wamekukamata tena? Hawa ni nani kwako?"

Safari hii nilisimama. Watu wakasogea, hata yule aliyesema habari ya magodoro. Nikasema kwa sauti, mpaka kuku wakashtuka:

"Hawa ni wenzangu! Ni bendi yangu! Nawajua majina na majina ya baba zao!"

Yule kijana akamgeukia Jayesh. "Kweli?"

Jayesh akanitazama kuanzia mkaa wa kichwani mpaka miguuni. Ndiyo mara ya kwanza tangu asubuhi kunitazama vizuri.

"Hatumjui," akasema, akaendelea na safari.

Mrisho alicheka mpaka akadondosha vijiti vyake katikati ya barabara. Viliokotwa na mimi. Sasa ninyi wa Moshi, nawaomba sana, msicheke. Waachieni wale wawili. Wao wana haki.