Nani Anakwaruza Kwenye Video Yangu?

Jumatatu, 3 Februari
Mwenye studio ya picha anatafuta mwanafunzi wa kazi. Mmoja tu! Sharti: video ya dakika tatu, mtu akifanya kazi yake, sauti safi. Mwisho Ijumaa. Tangu nimalize shule kazi yangu ni kuosha vyombo, kwa hiyo nafasi hii ni yangu.

Nimeazima kamera ya Mjomba, ile ndogo ya mfukoni. Nimemrekodi Shangazi akishona zipu. Nilisimama mlangoni, maana nikimkaribia mtu na kamera, aibu hunipanda hadi masikioni. Si kitu, kuna kitufe cha kuvuta picha ije karibu. Nikavuta uso. Nikavuta mikono. Nikavuta sindano, nikarudi usoni. Picha safi kama kioo!

Sauti: krrr. Krrr. Kama panya anatafuna kabati.

Binamu yangu, tunayemwita Meneja kwa kuwa huamrisha hata paka, aliuliza kama nimerekodi mashine ya kusaga. Naye anaitaka nafasi hiyo. Ana simu tu. Maskini.

Jumanne, 4 Februari
Mshukiwa: cherehani. Shangazi alipotoka nikaitia mafuta. Mengi, kwa usalama. Ikanyamaza kabisa. Gauni la mteja nalo likapata ramani. Shangazi amesema nisiiguse tena cherehani yake, hata kwa macho.

Krrr ipo palepale.

Jumatano, 5 Februari
Mshukiwa: friji. Ningemwomba Mama aizime dakika tatu, lakini kuomba kunataka moyo. Nikachomoa waya kimyakimya. Nikasahau kuurudisha. Maziwa yamechacha, samaki amejitangaza hadi kwa jirani. Mama aliuliza ni nani. Nikatazama dari. Meneja akanitazama mimi.

Krrr.

Lakini nimegundua jambo! Inalia pale tu ninapovuta picha. Wakati uleule! Maana yake kuna mtu ananichungulia, na kila nikibonyeza, anakwaruza kitu. Hujuma! Na hujuma ina jina: Meneja.

Alhamisi, 6 Februari
Nimemtuma Meneja stoo akatafute kitambaa. Nikatia komeo. Alipiga mlango akasema, ‘We mtoto, nikitoka humu utanitambua.’ Nikarekodi kwa raha.

Krrr! Bila Meneja! Kumbe amefundisha mtu mwingine.

Nilifungua baada ya saa nzima, nikaruka pembeni nisipigwe. Wapi. Alitoka anacheka, na Babu nyuma yake. Sikujua Babu yumo, hushonea viatu humo. Kwa kukosa la kufanya, Meneja amemrekodi, wamekaa goti kwa goti. Nimemhurumia. Nani atatazama viatu?

Ijumaa, 7 Februari
Mwenye studio ametazama video zote mbili mbele yetu. Ya Meneja: ulisikia hadi uzi ukipita kwenye ngozi, na Babu akinong'ona kana kwamba yuko begani kwako. Yangu: krrr.

Akaniuliza kwa nini nilisimama mbali vile, je, shangazi yangu anauma? Meneja alicheka hadi akashika meza. Mwenye studio akaeleza kwamba lenzi ya kamera ndogo ina mota. Ukivuta picha mota inalia, na maikrofoni imekaa ubavuni pake, inaisikia kuliko inavyomsikia mtu. Niache kitufe, nisogee hatua tatu. Basi. Nimeitikia kwa kichwa mara kumi na moja.

Nafasi amepewa Meneja. Lakini mwenye studio akasema ameongeza ya pili! Nikileta video nyingine Jumatatu, isiyo na kelele, ni yangu. Meneja amenishauri, kwa huruma ya kinafiki, nimfungie tena stoo.

Jumamosi, 8 Februari
Nimetafakari vizuri. Habari ya mota haingii akilini. Fundi gani hutoa siri ya kazi yake bure, mbele ya wageni? Ananipima.

Mpango: nimrekodi yeye mwenyewe kazini. Atafurahi kujiona, na mimi nitaiona siri yake. Kuingia studio siwezi, ningemwambia nini? Lakini ng'ambo ya barabara kuna jengo lenye ngazi, na ghorofa ya pili ina dirisha. Nimekwenda kujaribu leo. Nikibonyeza kitufe hadi mwisho, naona mpaka vifungo vya shati lake.