Uzinduzi wa Ulinzi wa Jina la Maame Birago, Mtandaoni na Nchi Kavu

Kabla sijawataja wakubwa, wakubwa wenyewe wanajua kwamba soko hili la Kumasi lingekuwa malisho ya mbuzi kama si mimi, Kwaku Dwomoh, Mwenyekiti wa Kudumu wa Kamati ya Majina ya Biashara, mtu ambaye hata mtandao ukikwama hunitafuta mimi kwanza. (Makofi ya wapwa zake wawili.)

Wakuu wetu wa wauzaji, Nana Malkia wa Nyanya, Nana Malkia wa Vitunguu, Nana Malkia wa Viazi Vikuu ambaye naona amekaa mbali na Malkia wa Vitunguu kwa sababu zinazojulikana, Mheshimiwa Diwani, mwakilishi wa Diwani kwa kuwa Diwani hakuja, wachungaji, maimamu, wauza vocha, itifaki imezingatiwa na aliyesahaulika ajihesabu ametajwa.

Ndugu wananchi, leo tunazindua Mradi Jumuishi wa Ulinzi wa Majina. Mnamfahamu dada yetu Maame Birago, yule pale mbele aliyekunja mikono kifuani. Miaka ishirini na miwili anapika shito, pilipili yetu nyeusi ya samaki na kamba, na hakuna mtoto wa bweni mkoa huu anayefungiwa sanduku la shule bila chupa yake. Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Sasa mzazi aliyeko Accra anaandika kwenye simu jina la Maame Birago, na kinachojitokeza juu kabisa ni tangazo la Tawia, kijana aliyejifunza kupika juzi, ambaye ameilipa kampuni ya mtandao ili kila jina la mama huyu linapotafutwa aonekane yeye. Maame ana chupa mia nne ndani, na simu yake haijaita tangu Jumapili. (Miguno.)

Kamati yangu sikivu haikulala. Nilimwita mwanasheria, binti mwembamba anaitwa Akyaa, akanieleza kwa heshima zote kwamba kununua neno tu ili tangazo lako litokee si lazima kuwe kosa. Kosa ni kumfanya mnunuzi aamini kuwa shito ya Tawia ni ya Maame, na kulidai hilo ni rahisi zaidi ukiwa umesajili jina lako kuwa alama ya biashara. Akanipa fomu ya usajili niipeleke Accra, Maame akaitia sahihi. Nikamwambia, binti yangu, karatasi ni za wanyonge, mimi ni mtu wa utekelezaji.

Mnajua mtu akijenga bila kibali halmashauri humfanyaje. Humwandikia ukutani kwa rangi nyekundu: SIMAMISHA KAZI, LETA KIBALI. Basi nikabeba ndoo ya rangi na ngazi, mchana kweupe, mpaka kwa Tawia. Tawia hana duka. Anapikia uani kwa shangazi yake, biashara yote imo ndani ya simu. Nikatafakari kitaalamu kwa dakika tatu, nikapaka ukuta wa shangazi. Shangazi akatoka na mwiko, akaniuliza, "Mzee Dwomoh, ukuta wangu umeiba jina la nani?" (Kicheko.) Tawia naye akanikejeli eti niipake simu yake kama naweza. Nikaipaka. (Makofi.) Ilikuwa nyekundu pande zote mbili, na tangazo likaendelea kutoka.

Hata hivyo takwimu zinatia moyo: asilimia tisini na saba ya kuta za mtaa ule sasa zinatambua sheria, na asilimia tatu zilizobaki ni za choo.

Naona Maame Birago amesimama. Mpeni kipaza sauti.

"Mjomba, achana na kuta. Ile fomu yangu uliipeleka?"

Swali zuri sana, litajibiwa kwa kina katika awamu ya pili. Jina la Maame! (Watu: "Fomu!") Jina la Maame! (Watu: "Fomu iko wapi?") Hivi sivyo tulivyofanya mazoezi. Fomu ipo katika mikono salama, kwa kweli ipo mikononi mwangu sasa hivi, kwa kuwa hotuba hii ilihitaji karatasi na nyuma yake palikuwa peupe.

(Maame Birago anapanda jukwaani, anaichukua karatasi, anashuka na kuondoka na Akyaa kwa haraka kuelekea kituo cha mabasi.)

Sasa, ndugu zangu, nitamalizia kutoka kichwani. Namshukuru fundi aliyechora lile jengo kubwa la mradi mnaloliona kwenye bango, maana lenyewe halipo. Nawashukuru wataalamu kumi na wawili wa mradi, tutakapowapata. Na mradi. Namshukuru pia aliyetupikia kenkey, madonge yetu ya mahindi yaliyochachushwa, na samaki, naona mmeramba hadi vidole. Shito mliyochovya nilitaka iwe ya Maame, nimuunge mkono. Nikashika simu, nikaandika jina lake vizuri kabisa, nikabonyeza cha juu, akaileta Tawia mwenyewe, bado ana rangi vidoleni. Nikaipokea. Nikamwomba na chupa ya nyumbani.