Ndani ya Maili Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Siku mbaya. Mkuu amerudi kutoka makao makuu na habari kwamba kituo chetu cha doria ya majini hakijakamata chombo chochote mwaka mzima. Chochote! Hata mtumbwi. Kituo kisichokamata, amesema, kinaweza kuunganishwa na Forodha.

Forodha! Yaani niwe chini ya Shemeji. Kaka wa mke wangu, msimamizi wa boti ya Forodha, mtu anayevaa miwani ya jua hata chumbani. Boti yake ina injini mbili na kiyoyozi. Yetu ina injini moja na dua. Kila Jumapili akija kula kwangu hunipigapiga mgongoni na kuniuliza kama bahari bado ipo.

Heri nife. Au nikamate kitu.

Jumanne, 5 Machi

Mungu si Athumani! Mvuvi mmoja amekuja kituoni akifoka. Kuna meli kubwa imetia nanga nje kule, haiendi wala hairudi, na nyavu za wavuvi zinanasa kwenye mnyororo wa nanga yake. Tukaondoka mimi na dereva wa boti, mtu mnene asiyependa maneno.

Meli ipo. Kutu tupu. Imeinama upande mmoja kama mlevi aliyeegemea ukuta. Haina bendera, haina taa, haina sauti. Magendo! Meli isiyofanya chochote lazima kuna kitu inafanya.

Kisha dereva akatazama chombo cha kupimia, akakohoa. Maili kumi na tatu na nusu kutoka ufukweni. Sheria ya kwetu iko wazi: hadi maili kumi na mbili ni sisi wa Doria. Kuanzia hapo hadi ishirini na nne, mwenye rungu ni Forodha. Mnofu wote ule uko kwenye sahani ya Shemeji, naye hata hajui kwamba chakula kimepakuliwa!

Nimemwapisha dereva asimwambie mtu. Amesema yeye huwa hamwambii mtu kitu.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata! Kama mpaka hauwezi kuifuata meli, meli iufuate mpaka.

Tumerudi kule asubuhi. Nikashika kipaza sauti, nikamtangazia nahodha kwamba dhoruba inakuja, asogee karibu na nchi kavu. Mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Nahodha, mzee mwenye kipara aliyefunga vifungo vya shati hadi kooni, akatazama juu, akanitazama mimi. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba injini imekufa na mafuta hakuna. Nikamwambia serikali ina huruma, itamvuta.

Tukafunga kamba. Boti yetu ililia kama mbuzi anayepelekwa machinjioni, lakini ikavuta. Chombo kiliposoma maili kumi na moja na nusu nikafungua kamba, nikavaa kofia, nikapanda ngazi, nikaitangaza meli kuwa chini ya ulinzi kwa kosa la kuingia katika bahari ya nchi bila ruhusa.

Dereva akageuka kutazama upande mwingine.

Mabaharia ni tisa. Walipoelewa kwamba wamekamatwa, walishangilia! Wakakumbatiana. Mpishi wao akanibusu mkono, akalia. Sijawahi kuona wahalifu wa namna hii. Lazima ni mbinu.

Ijumaa, 8 Machi

Aibu. Aibu. Aibu.

Nilimwalika Mkuu na mwandishi wa gazeti washuhudie tukifungua tumbo la meli. Niliwaahidi magendo. Tukafungua. Saruji. Maji yaliingia zamani, mifuko yote imeshikana, imekuwa kitu kimoja. Nimekamata jiwe. Mwandishi akauliza kama ningependa kupigwa picha nalo.

Baadaye Mwanasheria wa kikosi alinieleza mengine. Ni mama mwenye sauti ya uchovu, hamung'unyi maneno, humung'unya pipi tu. Mwenye meli hapokei simu tangu mwaka jana. Nchi ambayo meli imeandikishwa haina hata bahari, na ofisi yake ukiipigia inakuwekea muziki. Bandari ya kwanza iliwafukuza, ya pili ikawaambia warudi ya kwanza. Kwa hiyo wale mabaharia walitia nanga pale walipoishiwa mafuta, wakawa wanakinga maji ya mvua kwa turubai.

Nikasema basi sawa, niwaachie. Mama akacheka bila furaha. Akasema meli inavuja, nimeileta mwenyewe kwenye njia ya meli nyingine, na watu wako mikononi mwangu. "Kukamata ni kuoa, afande," akasema. "Ulipotamka tu, umeoa. Sasa lisha."

Jumapili, 10 Machi

Kituo hakina mahabusu ya watu tisa. Mkuu ameamua, bila kunitazama, kwamba watakaa kwa afisa aliyewakamata.

Wako sebuleni kwangu. Tisa! Mke wangu alisimama mlangoni akawahesabu wakipita. Akaniambia aliolewa na mwanamume mmoja na bado akawa amezidi. Lakini sasa amewageukia. Mpishi wao amepanga upya jikoni na mke wangu anamsifu, yeye ambaye mimi nikigusa sufuria hunipigia kelele. Nahodha anawafundisha watoto kufunga mafundo ya kibaharia. Wamefunga viatu vyangu kwenye mguu wa meza, na hakuna anayejua kuvifungua isipokuwa Nahodha, naye alikuwa bafuni.

Shemeji akaja kula. Alipoona, akacheka hadi akavua miwani. Mara ya kwanza nimeona macho yake. Nikamwambia, kwa upole wa undugu, kwamba nimefikiri sana na naona haki itendeke, meli hii kwa asili ni ya Forodha, ilikuwa maili kumi na tatu na nusu. Akafuta machozi. Akasema mahali ilipokuwa ni historia. Ilipo ndipo ilipo. "Hongera sana, shemeji. Hiyo ni bahari yako."

Jumatatu, 11 Machi

Nimezunguka ofisi zote. Uvuvi: meli haivui. Bandari: meli haijafika gatini. Mazingira: ikizama mafuta yakamwagika, nirudi. Uhamiaji wamenishinda kabisa. Wamesema mtu aliyevutwa kwa kamba hajaingia nchini, ameingizwa, kwa hiyo nimtafute aliyewaingiza.

Wiki iliyopita hawa hawa wangegombea meli hii kama fisi. Leo kila mmoja ana mpaka wake, na mimi niko nje ya mipaka yote.

Mzee fundi mitambo wa meli anakohoa. Anakohoa sebuleni, namsikia chumbani. Mke wangu amempa blanketi letu.

Jumanne, 12 Machi

Mzee fundi amezidiwa, nimempeleka hospitali. Muuguzi akauliza mimi ni nani kwa mgonjwa. Mwana? Ndugu? Nikasema mimi ndiye niliyemkamata. Akaandika "mlezi".

Mzee alinishika mkono akasema maneno mengi ya kwao. Nikamuuliza Nahodha anasemaje. Anasema ana mjukuu aliyezaliwa yeye akiwa melini, hajamwona hata picha. Basi nikakaa naye kidogo. Nilikuwa na huzuni ya kweli, naandika hapa ijulikane.

Nikiwa nimekaa pale ndipo wazo likaja. Kama meli iliweza kuvutwa ndani, inaweza kuvutwa nje! Maili mbili tu. Ikivuka mpaka, namwachia Shemeji zawadi yake. Sheria ni mstari, na mstari hauulizi umetoka wapi.

Jumatano, 13 Machi

Siwezi hata kuandika. Lakini naandika.

Niliwaambia mabaharia tunaihamisha meli kwa usalama wao. Nahodha akasema hawezi kuiacha meli iende peke yake, akapanda na wenzake wote saba. Hilo sikulipanga. Mke wangu alisimama uani akatutazama tukiondoka, simu mkononi. Ningejua!

Tukavuta. Mbuzi akalia. Kumi na mbili, tukapita. Kumi na mbili na nusu. Kumi na tatu! Nilikuwa nimeshika kamba tayari kuifungua niliposikia king'ora. Boti ya Forodha, injini zote mbili, Shemeji amesimama mbele na miwani yake. Kwa kipaza sauti, mbele ya mabaharia wanane na dereva wangu, akatangaza kwamba niko chini ya ulinzi kwa kosa la kutoa shehena nje ya nchi bila kibali cha Forodha.

Shehena! Lile jiwe!

Nikapiga kelele kwamba mimi ni shemeji yake. Akasema anajua, ndiyo maana amekuja mwenyewe.

Alhamisi, 14 Machi

Mkuu amenitoa. Njia nzima kutoka ofisi za Forodha alisikiliza redio.

Aliyemwambia Shemeji ni mke wangu. Hakuficha. Nilipomuuliza inakuwaje mke anamuuza mume, akaniuliza inakuwaje mtu anakwenda kuwatupa watu baharini kama maji ya kuoshea vyombo. Nikamweleza kwamba si kutupa, ni suala la mamlaka. Akasema basi mamlaka yangu leo yatalala sebuleni.

Sebule tupu, kimya. Meli ni ya Forodha sasa, watu ni wa Forodha, kikohozi cha Forodha. Niko huru! Nimejinyoosha kwenye kochi kama mfalme.

Jumatatu, 18 Machi

Sikupata hata kumaliza chai. Gazeti! Picha ya Shemeji ukurasa wa kwanza, mikono kiunoni, nyuma yake meli. Meli yangu! Wanamwita mwokozi wa mabaharia.

Kumbe Forodha wana kifungu chao. Shehena ikitelekezwa, wanaweza kuipiga mnada pamoja na chombo kilichoibeba na kuwarudisha mabaharia makwao. Shemeji amefanya yote hayo kwa siku nne. Mnunuzi wa vyuma chakavu amepatikana. Mzee fundi ametoka hospitali. Tiketi za ndege zimekatwa, wote tisa, Jumamosi hii. Shemeji naye anapandishwa cheo.

Mke wangu amekata ile picha akaibandika jikoni. Siwezi kula mle ndani.

Hii si haki. Nani aliona meli kwanza? Nani aliivuta? Nani alipanda ngazi?

Jumanne, 19 Machi

Nimeshinda na ramani siku nzima, na nimepata! Maji yakipwa, kuna miamba inayojitokeza maili mbili kutoka ufukweni. Sheria inasema maili zinaweza kuhesabiwa kutoka kwenye miamba ya namna hiyo. Sote tumekuwa tukipima kutoka mchangani kama watoto! Ukipima kutoka miambani, Shemeji alinikamata maili kumi na moja, ndani ya bahari ya Doria, mahali ambapo hana hata ukucha. Na meli ilikuwa kwangu tangu siku ya kwanza! Hata kuivuta sikuhitaji!

Mwanasheria amesoma hoja yangu mara mbili. Akasema ni sahihi kabisa, bora kuliko zote alizowahi kuletewa na kituo hiki. Akaweka pipi mdomoni. Akaniuliza, "Sasa afande, ukishinda mahakamani utafanya nini?"

Swali la ajabu. Nitakuwa nimeshinda.

Ijumaa, 22 Machi

Ushindi!

Hakimu alikubali kila neno. Miamba ni miamba. Forodha hawakuwa na mamlaka, na kila walichofanya ni batili: ukamataji, mnada, tiketi, vyote. Meli na watu wake warudishwe kwa kituo cha Doria, kwa afisa aliyewakamata kihalali. Kihalali! Nilimwomba karani anisomee tena sehemu hiyo.

Nilimtazama Shemeji nione anavyoumia. Akavua miwani akaniangalia kwa muda mrefu, kisha akaenda kukaa na wale mabaharia kwenye benchi la nyuma, akawa anaongea nao polepole. Mzee fundi alikuwa amevaa shati jipya la safari. Mke wangu ndiye aliyemnunulia.

Nilimwendea Nahodha nimpe habari njema mwenyewe. Akaniuliza jambo moja tu, kama kesho wanaondoka. Nikamfafanulia kwamba sasa wako chini ya mamlaka kamili, yasiyoweza kupingwa na ofisi yoyote. Mzee akamvuta mkono, akitaka amtafsirie. Nahodha hakutafsiri.

Mke wangu amekwenda na watoto kwa kaka yake. Atarudi akisoma hukumu, nimemwachia nakala.

Wote tisa wako sebuleni sasa hivi. Wamekaa na mabegi magotini, hakuna aliyevua viatu. Nimewaeleza tena, taratibu, nikawachorea, kuhusu ile miamba na maji yakipwa. Bado hawajaelewa.