Tano na Tatu, na Yule Mwingine

Jumatatu, 9 Juni

Nimeitwa shule. Nilidhani Aqsa kapigana. Afadhali angepigana! Mwalimu Opicho wa hesabu amenikalisha kwenye kiti cha watoto, magoti yakanifika kidevuni, akaniambia kwa upole kwamba Aqsa wangu yuko gredi ya tatu lakini kujumlisha na kutoa hajui. Ukimwambia saba toa mbili, anaangalia dirisha. Jumatatu ijayo atamwita mbele ya darasa. Akishindwa, saa za hesabu atakuwa anahamia gredi ya kwanza, akae na wadogo. Gredi ya kwanza ndiyo ya Zaid, mdogo wake! Na Zaid ana mdomo. Atamwimbia mpaka aolewe.

Aqsa hakulia. Aliuliza tu kama viti vya kule vitamtosha. Mimi ndiye niliyelia, lakini nikiwa nimeelekea ukutani.

Raho wa nyumba ya pili alishajua kabla sijafika nyumbani. Leyla wake, wa darasa moja na Aqsa, anajumlisha hewani, bila vidole. Raho akasema Leyla anaweza kumfundisha Aqsa wakichambua mchele. Nikasema ahsante Mama Leyla, Mungu akuzidishie. Heri nimeze sabuni ya kufulia! Nitamfundisha mwenyewe. Shule niliacha darasa la nne, lakini kujumlisha na kutoa vilipita kabla ya hapo. Nilivipungia mkono.

Jumanne, 10 Juni

Maharagwe. Wazo zuri sana. Kumi kwenye sinia, toa matatu, yamebaki mangapi? Aqsa akasema sita. Nikamwambia ahesabu tena. Sita. Nikahesabu mimi. Sita! Nikaanza kujishuku. Harage la saba limepatikana puani mwa Zaid, kwa msaada wa pilipili manga na chafya moja ya nguvu. Mengine yameingia sufuriani. Somo zima limeliwa na wali.

Nimepata wazo bora. Nitahesabu watoto wenyewe. Mtoto haingii puani.

Jumatano, 11 Juni

Baada ya alasiri nimetandika mkeka barazani, nikatangaza kwamba atakayekuja kusoma atapata hamri. Yalikuwa yamebaki ya biashara ya asubuhi, yale yasiyouzika. Wakaja tele. Viatu vikajaa mlangoni. Hata Leyla kaja, katumwa kupeleleza.

Nikaandika ukutani kwa chaki: 5 na 3. Kundi moja nikalisimamisha, kundi lingine likakaa. Kisha nikawahesabu wote pamoja, kama bibi yangu alivyonifunza. Bibi alisema mtoto wa mtu hahesabiwi kamili. Ukifika kwa wa mwisho unamruka, unasema tu "na yule mwingine", ili anayesikiliza asijue mko na wangapi. Nani anasikiliza? Bibi hakusema. Alikuwa akiangalia tu nyuma yangu. Nimehesabu hivyo maisha yangu yote: watoto wa harusi, watoto wa madrasa, hata wangu.

Kwa hivyo tano na tatu ikawa saba, na yule mwingine. Wote wakaandika saba. Aqsa kaandika kwa mwandiko mzuri kabisa.

Jioni Raho kaja kwenye ua. Anatabasamu.

"Mama Aqsa, kwani huyo mmoja umempika?"

Nimezima jiko kwa hasira, chakula kikiwa kibichi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimehesabu kamili! Bibi anisamehe, lakini bibi hakuwahi kukaa jirani na Raho. Nimegusa kichwa kimoja kimoja, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya ua. Mpaka wa mwisho. Nane! Aqsa akafungua mdomo, akaelewa, niliona kabisa akielewa. Nusura nimbebe.

Halafu kutoa. Nikawa namwita kila mtoto, anapewa hamri, anaenda kwao. Nane toa moja. Saba toa moja. Zaid na Aqsa nikawapeleka jikoni, nao wakahesabiwa wameondoka. Mkeka mtupu. Nikamuuliza Aqsa kutoka mlangoni, sasa amebaki nani?

Akasema mmoja.

Nikamwambia angalia vizuri, mwanangu. Akaangalia vizuri.

"Ma, si yule pale."

Pale mwisho wa mkeka hapakuwa na mtu. Ila ukindu ulikuwa umebonyea, kama mtu amekaa. Nikiwa natazama, ukainuka polepole. Na mlangoni viatu vyote vimeenda, imebaki jozi moja ya akala, viatu vya tairi. Ndogo, za miguu kama ya Zaid. Si za Zaid. Nimeuliza kila nyumba ya laini yetu, mwanzo hadi mwisho. Si za mtu.

Sahani ya mahamri pia imepungua. Lakini hapo nimemlaumu paka.

Ijumaa, 13 Juni

Si paka.

Leo nimeuliza sita na nne, na jibu limetoka nyuma, sauti ndogo, ya adabu, kabla Leyla hajafungua mdomo. Leyla akageuka. Nyuma yake ni ukuta. Sijawahi kumwona Leyla akitanguliwa. Nimeogopa, ndiyo, lakini raha nayo ilikuwepo.

Walipoondoka nikashika akala zile kwa kitambaa na kuanza kusoma Ayatul Kursi, nimfukuze. Katikati nikaruka neno, kwa hofu. Ile sauti ikanirekebisha. Ikarudia neno, ikaningoja niliseme vizuri, ndipo ikaendelea nami mpaka mwisho.

Basi shetani si yeye. Huyo ni mtoto aliyelelewa akaleleka. Kwanza makhraji yake ya kutamka herufi yanamshinda Zaid.

Aqsa anasema mtoto huyo ndiye anayemfundisha. Anamshika vidole akihesabu. Nikauliza mikono yake ikoje. Akafikiri. Akasema kama sufuria iliyolala nje.

Jumamosi, 14 Juni

Nimezipeleka zile akala soko la Kariokor kwa Maingi, fundi viatu na mteja wangu wa mahamri. Nikajifanya nataka zingine kama hizo. Akazigeuza, akazinusa, akasema huu mkato ni wa wazee, hata babake hakuukata hivi, na tairi lenyewe hajapata kuliona. Akaingiza vidole ndani, akavitoa haraka.

Akaniuliza mtoto amezivua saa ngapi, mbona bado zina joto.

Nikasema sasa hivi tu. Nikazirudisha kwenye mfuko. Zilikuwa zimefungwa humo tangu jana.

Njiani nikawaza. Mwingine angeita shehe. Lakini Jumatatu ni keshokutwa, na Aqsa bado anakwama kwenye kutoa. Mimi nina mtoto anayejua hesabu, haonekani, na hadai chochote ila hamri. Kwa nini asiende naye shule? Akae karibu, amnong'oneze. Si wizi. Ni tuisheni.

Jumapili, 15 Juni

Nimemwambia Aqsa amweleze mwenzake mpango. Akaenda kukaa kwenye mkeka, akarudi na jibu. Hataki kunong'oneza, hiyo ni dhambi. Mtoto wa watu ananisomesha mimi maadili, barazani kwangu! Lakini kwenda shule anataka. Hajawahi kwenda. Anaogopa tu kwamba mwalimu atamruka.

Nikauliza kwa nini amruke.

Aqsa akasema, "Ma, anasema wewe ulikuwa unamruka kila siku. Yeye ndiye yule mwingine."

Nikakaa chini. Kila harusi. Kila madrasa. Kila nilipowaita wangu kula, nikasema na yule mwingine, nikafunga mlango.

Nimepika wali wa nazi na kuweka sahani ya tatu kando ya zile mbili za watoto. Nikasema kwa sauti, bila kuangalia, kwamba kesho atahesabiwa, na akirukwa aje aniambie mimi. Zaid kasema sahani hiyo apewe yeye. Nikampiga mwiko. Nilipotoa vyombo, hiyo ilikuwa safi, kijiko kimelazwa vizuri kando. Ya Zaid ilikuwa na wali mpaka chini ya kitako.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeweka akala kwenye mkoba wa Aqsa. Sikuuza kitu. Nimechoma mahamri mpaka majirani wamekuja kuuliza kama ni moto.

Saa tisa Mwalimu Opicho kaja mwenyewe. Mwalimu kuja nyumbani! Nikashika mlango. Akaomba maji kwanza.

Kasema alimwita Aqsa mbele. Akamuuliza: darasani leo wako arobaini, wanne watoke, watabaki wangapi? Aqsa akahesabu vidole taratibu, akasema thelathini na saba. Darasa likacheka, Leyla kuliko wote. Opicho akamwambia akae. Aqsa hakukaa. Akasema kutoa ametoa vizuri, ila mwalimu ameanza na arobaini na wako arobaini na mmoja. Awahesabu.

Basi akawahesabu vichwa, kumwonyesha. Arobaini na mmoja. Akaita majina. Arobaini. Akawatoa wote nje, akawaingiza mmoja mmoja, amesimama mlangoni. Arobaini na mmoja. Na huyo wa mwisho, anasema, alipita karibu naye kabisa, alihisi ubaridi kwenye goti, akamwambia ingia, kisha hakukumbuka amemwambia nani.

Akampa Aqsa nyingine, kwenye ubao, zisizo na watu ndani. Kapata zote. Hakuna aliyemnong'oneza. Nilipomuuliza baadaye, Aqsa alisema yule alikuwa na shughuli zake, anaangalia picha za ukutani.

Anabaki gredi ya tatu! Nimemkumbatia mwalimu wa watu mpaka miwani ikapinda.

Akiondoka akasema ameagiza dawati moja zaidi. Akaniuliza kama mimi najua ni la nani.

Jumanne, 17 Juni

Ushindi! Raho kaja asubuhi, buibui limepigwa pasi, kuuliza kama Leyla ana nafasi kwenye tuisheni yangu. Nikamwambia nitaangalia. Nimeangalia mpaka chai ikapoa.

Kasema Opicho akimaliza kutoa anaanza kuzidisha. Raho mwenyewe anaogopa kuzidisha. Mimi siogopi. Kuzidisha ni kujumlisha kwa haraka tu. Nitawapanga watoto kwa safu, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila mmoja nimguse kichwa.

Kabla ya kwenda shule Aqsa aliniuliza jambo. Yule mwingine ameomba ruhusa kuleta wenzake. Nao pia walirukwa na mabibi wengine. Hapa Kaloleni peke yake, anasema, ni wengi. Nikasema waje, kwani mahamri yatakosekana? Mtoto ni mtoto.

Sasa ni mchana. Nimetandika mikeka miwili na chaki iko tayari. Watoto bado hawajatoka shule, mtaa umetulia, hata kuku hawalii. Nimechungulia mlangoni. Akala zimeshapangwa, safu kwa safu, kuanzia barazani kwangu hadi langoni kwa Raho, na nyingine zinaonekana kule kwenye kona.

Nitaanza na mbili mara mbili. Kwa sauti, nisimwache mtu.