Tume ya Kuondoa Vya Watu

Katika mwaka wa tatu tangu mfalme wa mwisho atimuliwe, Baraza la Wazee la Roma liliutaarifu umma, kwa furaha isiyo kifani, kwamba imeundwa Tume ya Kuondoa Vya Watu. Hadidu za rejea zilikuwa fupi. Wafalme waliofukuzwa walikuwa Waetruski, watu wa ng'ambo ya mto; kwa hiyo kila mtu na kila kitu chenye asili ya Kietruski kiwe nje ya jiji mara tu sheria itakapopita. Roma ibaki na vya Roma.

Uenyekiti alipewa Mheshimiwa Opiter Mamelius, mtu mwenye sifa zote zilizohitajika: sauti nzito, ukoo mrefu, na hakuwa na shughuli nyingine. Siku ya kikao alikalia kiti cha kukunja cha pembe za ndovu, kavaa joho lenye pindo la zambarau. Mbele yake walisimama wabeba fimbo sita, kila mmoja na tita lake begani, shoka limechomoza katikati, ili wananchi wasisahau kupisha.

Ulibaki utaratibu mmoja mdogo. Sheria ya Roma haiwi sheria mpaka kondoo achinjwe na ini lake lisomwe, na katika jiji zima mtu aliyejua kusoma ini alikuwa mmoja, Vel Apnas, Mwetruski. Vel alikaa Roma miaka thelathini. Alimwoa Numisia, binti wa muuza uji, akamzika mama mkwe wake kwa mikono yake mwenyewe, na soko zima lilimwita shemeji. Sheria ikipita, nyumba yake angeiacha na mji angeuhama siku hiyo hiyo. Opiter hakuona tatizo lolote katika kumwita aje aipitishe.

"Soma," alisema.

Vel aligeuza ini, akalipapasa ukingo kwa kidole gumba. Uso ukamshuka.

"Ini safi, mheshimiwa. Miungu wameridhia."

"Shemeji," akanong'ona muuza vitunguu aliyesimama karibu, "si useme lina doa? Nani atajua?"

"Mimi nitajua." Vel akafuta mikono. Ilimuuma sana, wala hakuficha. "Naomba sheria isomwe kwa sauti, mheshimiwa. Inanihusu, nisije nikaivunja kwa kutojua."

Ikasomwa. Kila mtu na kila kitu.

"Basi baragumu lililoita kikao nalo," alisema Vel taratibu. "Si kwa ubaya. Lilitoka kwetu."

Opiter alipendezwa na ushirikiano huu wa mdau, akaagiza uingie kwenye kumbukumbu. Baragumu likaondolewa.

"Na hizo fimbo, shemeji?" akauliza muuza vitunguu.

"Zetu."

Wabeba fimbo wakatua matita yao upesi kuliko walivyowahi kufanya kazi yoyote, wakaenda kunywa.

"Kiti je?"

"Chetu."

"Na lile joho? Usimwonee haya."

Vel akainamisha macho. "Pindo ni letu. Hata mkato."

Mwandishi wa tume akauliza kuhusu herufi. Vel akaeleza kwamba Waetruski walizipata kwa Wagiriki, na Warumi wakazipata kwa Waetruski. Mwandishi akaweka chini kijiti chake cha kuandikia. Kikao kikaendelea bila kumbukumbu, jambo ambalo halikupunguza ubora wake hata kidogo.

Vel na mkewe walifunga mizigo, wakavuka daraja la mbao. Opiter alibaki amesimama na nguo ya ndani, akiendelea kuongoza. Hapo akaja mlinzi wa mitaro.

"Mheshimiwa, ule mtaro mkubwa wa sokoni ulichimbwa na nani?"

"Na wale wafalme."

"Nilidhani hivyo. Nimeshauziba."

Opiter alimpongeza kwa uzalendo. Sasa, kabla ya mtaro ule, soko lilikuwa kinamasi, na maji hayasahau kwao. Yalishuka kutoka vilimani yakapiga kambi. Alasiri vyura waliingia ukumbi wa Baraza pasipo kualikwa, na wazee wakahamia juu ya mabenchi. Kwa kauli moja iliamuliwa sheria ifutwe mara moja. Lakini kufuta nako ni sheria, na sheria ni ini.

Waliitwa wachinjaji, akatokea mmoja, akapasua kondoo.

"Unaona nini?" Opiter akamuuliza.

"Ini."

"Miungu wanasemaje?"

"Miungu sijawasikia. Ila kwa kitunguu kidogo, mheshimiwa, hili halifiki jioni."

Ikabidi mwenyekiti akamate kondoo mwingine, amburute hadi darajani. Hakuna aliyempisha. "Jongea pembeni, mzee," mwenye punda mmoja akamwambia, "unatuzibia njia." Ng'ambo, katika nchi ya Waetruski, alimkuta Vel na Numisia wamekalia vifurushi, wanagawana jibini.

"Shemeji," alianza Opiter.

"Leo nimekuwa shemeji yako?"

"Wa Roma nzima. Maji yako magotini. Soma hapa hapa, tuifute, urudi kwako."

Kondoo akachinjwa. Vel alilitazama ini muda mrefu kuliko la asubuhi.

"Lina doa. Miungu wanataka tungoje soko lijalo."

"Siku nane? Tutakuwa vyura sote. Sema ni safi, ndugu yangu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Nataka kurudi kuliko unavyotaka nirudi, nyumba yangu iko kule. Lakini doa ni doa."

Numisia akamnyang'anya mumewe ini. Akaligeuza mara moja tu.

"Safi kabisa. Miungu wameridhia, kwa sharti moja. Mwenyekiti abebe mizigo hii hadi mlangoni kwetu, na chungu kisivunjike hata kimoja."

"Wewe unajua kusoma ini?"

"Sijui hata linaanzia wapi. Mume wangu mgeni, hajui kudanganya. Mimi ni Mrumi halisi. Si ndicho tume yenu ilichokuwa inatafuta?"

Vel akafungua kinywa. Numisia akamtazama, naye Vel akakifunga.

Opiter alitafakari, kwa mujibu wa madaraka aliyokabidhiwa, akaridhika kwamba sharti lilikuwa ndani ya hadidu za rejea. Akajitwika vifurushi, vyungu juu. Darajani watu walimpisha bila kuambiwa, maana mchukuzi mwenye mzigo hupishwa.

Sokoni, bibi mmoja muuza kunde, maji yamemfika magotini, alimwona akipita.

"We mchukuzi," akamwita, "ukishatua hiyo urudi huku. Nina magunia mawili yanalowa."

Opiter aligeuka nyuma kutafuta mtu wa kumtuma. Hakuwako mtu. Akauliza magunia yako wapi.