Mwalimu, Punda Atapona?

Jumatatu, 3 Machi

Habari njema! Mkuu wa idara ya lugha anastaafu. Meza yake ya dirishani itakuwa wazi. Meza ile ina upepo, ina utulivu, na ina droo inayofungwa kwa ufunguo. Yangu iko mlangoni. Kila anayeingia ofisini ananiwekea kikombe chake.

Mwalimu mkuu ametueleza kikaoni. Muhula huu madarasa ya juu yatasoma riwaya, darasa zima kitabu kimoja, kila mtoto na nakala yake mkononi. Mwalimu wa lugha achague mwenyewe. Akasisitiza: achague baada ya kusoma. Atakayeifanya kazi hiyo vizuri ndiye atakayehamia dirishani.

Tuko wawili tu. Mimi wa darasa la sita, na mwenzangu wa darasa la tano, ambaye kimoyomoyo namwita Bi Penseli kwa sababu sijawahi kumwona bila penseli sikioni. Bi Penseli akaomba wiki mbili za kusoma. Wiki mbili! Mimi nikanyoosha mkono nikasema kitabu changu nitakitaja kesho asubuhi. Wote wakanigeukia kwa heshima. Au kwa kitu kinachofanana na heshima.

Jioni nikamwambia mke wangu kwamba cheo ni changu, kimebaki kutangazwa tu. Akampigia simu mama yake papo hapo. Mama mkwe hajawahi kunisifu tangu nilipopeleka posa. Leo kasema hongera! Basi tena. Sasa nisipokipata nimekwisha.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamkia stoo ya vitabu. Riwaya zenye nakala za kutosha darasa zima zilikuwa tatu. Ya kwanza nene mno, ningechoka mimi kabla ya watoto. Ya pili ina herufi ndogo, na miwani yangu niliikalia mwezi uliopita. Ya tatu, jaladani kuna punda amevaa kofia pana ya jua, sikio moja limetokeza juu. Nilicheka peke yangu mle stoo mpaka vumbi likanipalia. Hiki hiki!

Mwalimu mkuu akauliza kinahusu nini. Nikasema punda. Vichekesho vitupu, watoto watavunjika mbavu. Akauliza kama nimekisoma. Nikajibu mara mbili. Mdomo huu sijui nilipewa na nani.

Bi Penseli akanikuta navuka uwanja na maboksi. Akaniuliza kwa upole kama nimewahi kufika sura ya sita. Nikamwambia nimefika mpaka jalada la nyuma. Na ni kweli, jalada la nyuma nimelisoma lote. Akataka kusema jambo, akalimeza. Wivu huo!

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Punda ni wa mzee muuza maji na mjukuu wake wa kike. Havuki barabara bila kofia yake. Kwenye sura ya pili anaingia kwa kinyozi, anakaa foleni. Darasa lilicheka hadi mwalimu wa hesabu akaja kuuliza kuna nini. Mwalimu mkuu alipita dirishani akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kila kipindi kikiisha nakusanya vitabu vyote na kuvifungia kabatini. Nimewaambia ni ili twende pamoja, maana mimi nimeshakisoma mara mbili. Ukweli ni kwamba sitaki mtoto anitangulie. Mimi nasoma papo hapo, mbele yao, kwa sauti. Sijui kwa nini walimu wengine wanajitesa kusoma nyumbani.

Jumatatu, 10 Machi

Sura ya tano ina walakini. Punda ameanza kukohoa. Mwishoni akapiga magoti katikati ya barabara, na ndoo za maji zikamwagika.

Kuna binti wa dawati la mbele tunayemwita Wakili, kwa sababu hajawahi kukubali jibu la kwanza. Akasimama. Mwalimu, punda atapona? Akaendelea kwamba mimi si nimesoma mara mbili, basi lazima najua.

Macho yote kwangu. Ningeweza kusema tusubiri. Ningeweza hata kusema sijui. Nikasema atapona! Wakili akataka nimpe neno langu kama mwalimu. Nikampa. Wakapiga makofi, na mmoja akachora punda akikimbia, tukaubandika mchoro ukutani. Niliona raha sana.

Nyumbani mpwa wangu akanikazia macho mezani. Ni binti wa dada yangu, anaishi kwetu na yuko darasani kwangu. Shuleni ananiita Mwalimu, nyumbani Mjomba. Akaniuliza: Mjomba, una hakika? Mbona kitabu hicho hujawahi kurudi nacho nyumbani? Nikamwambia ale, chakula kinapoa. Nikawaza kurudi shuleni kuchungulia sura ya sita. Lakini kulikuwa na mpira kwenye televisheni.

Jumatano, 12 Machi

Natamani leo ifutwe kwenye kalenda.

Mwalimu mkuu aliingia kipindi cha sura ya sita na kukaa nyuma kabisa. Kaja na Bi Penseli, eti aone mwenzake anavyofundisha. Nikavimba kichwa. Nikasoma kwa sauti zote: ya mzee, ya mjukuu, hata ya punda.

Punda kalala. Mjukuu kamletea maji kwa kiganja, hanywi. Mimi bado natabasamu, najua ukurasa unaofuata atainuka. Nikafungua ukurasa. Hakuinuka. Mjukuu akachukua ile kofia akamfunika nayo uso.

Sikuweza kuendelea. Nililia! Si chozi moja la kiungwana, nililia kwa kwikwi, nimeegemea ubao, mgongo wa koti umejaa chaki. Nilimpenda punda yule. Sikujua kama nampenda. Darasa zima likaangua kilio nami.

Kisha Wakili akasimama, mashavu yamelowa. Akasema: Mwalimu, ulisema atapona. Ulisema umesoma mara mbili.

Nimewahi kugombezwa na watu wengi, mama mkwe akiwa wa kwanza. Hakuna aliyewahi kuniumiza hivi.

Bi Penseli akaja mbele polepole, akakichukua kitabu mkononi mwangu, akaimalizia sura kwa sauti ya chini. Hakutafuta mstari, alijua nilipoishia. Akawaacha watoto wamzungumzie punda, kila mtu alichompendea. Walimsikiliza yeye. Mimi nilikaa kwenye dawati la nyuma nikisikiliza pia.

Ukumbini nikamwambia mwalimu mkuu kwamba niliwaficha makusudi, ni mbinu ya kufundishia. Akaniangalia. Akanipangusa chaki mgongoni.

Ijumaa, 14 Machi

Bi Penseli kahamia dirishani. Nimemsaidia kubeba maboksi, na moja nilimwangushia mguuni kwa bahati mbaya. Kweli kwa bahati mbaya.

Mwalimu mkuu alisema ningewaambia tu watoto kwamba sijui, wala wasingenicheka. Nikasema ndiyo mwalimu. Mke wangu alimpigia mama yake simu kumpa habari. Mama mkwe anataka nimrudishie hongera yake.

Lakini jambo moja lazima niliandike. Leo niliingia darasani, nikasimama mbele yao, nikakiri kwamba kitabu sikuwa nimekisoma. Wakili akauliza: hata mara moja? Nikasema hata mara moja. Wakanong'onezana kwa muda. Kisha Wakili akatoa hukumu: wamenisamehe, na kitabu kijacho nitachagua tena mimi, lakini nikisome kwanza mpaka mwisho. Nikatoa neno langu. Niligeukia ubao nikajifanya nafuta kitu, maana machozi yalikuwa karibu. Sitawaangusha tena watoto hawa. Sitawaangusha!

Jumapili, 23 Machi

Ahadi ni deni langu mimi peke yangu, nimelielewa hilo. Riwaya mpya nimekuja nayo nyumbani ndani ya begi, kama mtu mzima. Inahusu familia moja na bibi yao mcheshi. Nimekaa na chai, nikaanza ukurasa wa kwanza. Mzuri. Wa pili mzuri. Wa tatu nikaanza kuhesabu zilizobaki.

Ndipo akili ikanijia. Watoto wanaogopa nini? Kifo. Na nani kafa, nani kapona, vinajulikana wapi? Ukurasa wa mwisho! Sijui kwa nini haya hayafundishwi chuoni. Nikausoma wote, neno kwa neno, nikapumzika. Mpwa wangu akakiomba kitabu, nikampa. Kajifungia nacho mchana kutwa, na chakula cha jioni kala macho yamemvimba. Mafua, nadhani.

Jumatatu, 24 Machi

Nimewatangazia asubuhi hii, kifua mbele: kitabu kimesomwa mpaka mwisho, na humu hafi mtu! Wakili akataka neno langu. Nikampa mara moja. Mpwa wangu akanyoosha mkono, akaupunga kabisa. Nikamwambia aushushe, asiwaharibie wenzake utamu. Nilipomweleza Bi Penseli, penseli ilimwanguka sikioni. Mambo ya wivu hayo, ingawa meza kapata.

Kitabu kinaishia kwenye sherehe kubwa. Nyumba imejaa. Viti vimeazimwa kwa majirani, masufuria makubwa yako motoni, mjomba wa mbali kafika usiku. Watu wanazungumza kwa sauti za chini, kwa adabu. Wote wanamsimulia bibi, vichekesho vyake na jinsi alivyokuwa akiimba jikoni. Wanavyompenda! Bibi mwenyewe sikumwona ukurasa ule. Nadhani alikuwa ndani anavaa.